Kigalisia Nilichofundishwa na Marehemu

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake: kwenye foleni ya maji, kanisani, dukani kwa Hajati Mariamu, hata yule wa boda ambaye hanijui. "Mama Amito, ulikula nini huko? Ni kweli uliwaita watu kwenye mazishi ya mtu aliyekufa zamani?" Sauti yangu si bomba la mtaa, kila mtu aje afungue. Nimeandika mara moja. Someni, kisha mniache nipike. Habari za viza nimeziruka. Kila mtu ana ya kwake ya kumliza. Mjue pia nilisoma mpaka darasa la nne tu, na Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi Naguru, alikonipeleka marehemu mume wangu nikiwa bado msichana. Mkikuta kosa, lirudisheni kambini.

Kisugu, Kampala, kabla ya kwenda popote

Safari hii ilianza kwa mtoto kukimbia. Binti yangu Amito ameolewa Uhispania, kwenye pembe ya juu inayoitwa Galisia, na kijana anayeendesha lori la maziwa, Brais. Wana mtoto mmoja, Antía, wa miaka sita. Mimi nilimpa jina Akot, kwa sababu siku aliyozaliwa Amito aliniambia mvua inanyesha, na kwetu Lira mtoto wa mvua ana jina lake. Nilipofika kule nikaona kwamba kwa kanuni hiyo nchi nzima ni akina Akot.

Amito anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Brais yuko barabarani, kwa hiyo mtoto analelewa na bibi yake mwingine, mama yake Brais, Carme. Na nyumba ya Carme inasema Kigalisia. Kila nilipopiga simu niliona sikio moja la mtoto, kisha mgongo, kisha mlango.

"Anaona aibu, Mama," Amito alisema. "Hakuelewi."

Mimi nilikuwa na ombi moja tu: Akot aje likizo Kampala, akae kwangu, ajue mama yake alitoka kwenye tumbo la nani. Jibu lilikuwa lilelile. Bibi Carme hataki. Mtoto atakaaje na mtu ambaye hawezi hata kumwomba maji?

Nikasema, kale, yaani sawa. Nitajifunza hayo maji.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinishauri nijifunze Kihispania, eti ndiyo lugha kubwa. Nikamwambia siendi kuongea na lugha kubwa, naenda kuongea na mtoto mdogo. Akanitazama kama natania. Walimu wakistaafu hawapumziki, wanahamia kwa majirani.

Basi nikawa nakaa kwenye kiti nje ya duka la Hajati Mariamu, kwa sababu intaneti ya mwanawe inavuja mpaka hapo. Hajati, mnamjua, ukoo wake ni wa wafanyabiashara wa pwani waliokuja huku zamani, na anasikia uchungu kila ninapofungua mdomo kwa Kiswahili cha kambi.

"Mama Amito, hata Kiswahili hujakimaliza, unakimbilia kingine?"

"Hiki ni cha mjukuu wangu."

"Mjukuu ndiye ajifunze chako! Dunia imevaliwa ndani nje."

"Hajati, lete chai, acha dunia."

Vitu vya bure nimevijua. Kuna mchezo wa kwenye simu unaofundisha lugha. Ndani yake kuna lugha za watu wa filamu wasiokuwepo duniani, lakini Kigalisia hakuna. Kuna mwalimu wa video, mama mzuri mwenye miwani, anayefundisha Kigalisia kwa Kihispania. Hiyo ni sawa na kumpa mgonjwa wa macho dawa yenye maelezo ya maandishi madogo. Kuna somo lingine, la kwanza bure, la pili bure, la tatu linataka kadi ya benki. Kuna katuni za watoto, dubu wanaimba mbio kama wanafukuzwa. Kwa dubu wale nilipata neno moja: asali. Nilijiambia, angalau sitakufa bila asali.

Ndipo nikapata redio. Redio ya huko huko, mji wa Lugo, inasikika bure kwenye simu. Asubuhi mpira, halafu bei ya maziwa, halafu hali ya hewa, yaani mvua. Na mchana, baada ya habari, kukawa na kengele, muziki wa taratibu, na mwanamke akaanza kusoma.

Nikaweka kikombe chini. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kila kitu. Matangazo ya vifo!

Nani kati yenu hajawahi kuacha sufuria iungue kwa sababu redio inasoma vifo? Jina, umri, mjane wa fulani, baba wa fulani na fulani aliyeko Uingereza, mazishi saa fulani, kijiji fulani. Nyimbo zinapita, siasa zinapita, hayo tunanyamaza na kusikiliza. Na wao wako vilevile. Msomaji wa vifo hana haraka, maana anayemsoma hana tena pa kwenda. Anatamka polepole, anarudia kesho, mpangilio haubadiliki. Mwalimu gani wa kulipwa atakufanyia hivyo?

Nikajifunza hapo. Mume, mjane, mwana, mkwe, mjukuu. Jina la nyumba, kwa sababu kule kila nyumba ina jina lake. Parokia. Kesho. Saa. "Familia inashukuru kwa kuhudhuria." Ukifikiri vizuri, maisha yote ya mtu yamo humo. Kilichokosekana ni "naomba chumvi."

Wateja wa Hajati walinikuta nikimfuata yule mama wa redio kwa sauti, na wakauliza ni sala gani. Hajati akawajibu: "Anawazika Wazungu. Karibuni, sukari iko."

Sasa, kuna jambo moja nililolipanga ambalo Amito hakulijua. Mume wa Carme, Manuel, alikuwa amefariki mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo, na mimi nilizuiwa na zile karatasi nisizotaka kuzitaja. Mnajua desturi ya kwetu. Huwezi kuingia nyumba ya wakwe zako waliofiwa ukakaa, ukanywa chai, ukauliza habari za kuku, kama hujamlilia marehemu wao. Hata ukichelewa miaka, unalia kwanza, chai baadaye. Kwa hiyo nikamwomba Amito jina kamili la mzee, umri wake, jina la nyumba yao na la parokia, na saa aliyozikwa. Akadhani nataka kumwombea misa. Mimi nikatengeneza tangazo lake, lote, nikalikariri mpaka likawa linanitoka hata nikimenya matoke.

Entebbe mpaka Addis Ababa

Nilibeba chupa mbili za odii, ile siagi ya simsim na karanga, nikazifunga kwenye nguo zangu za ndani ili zisivunjike. Entebbe mpekuzi, msichana mdogo, alizifunua moja moja. "Jaja," akaniita, yaani bibi, "hii ni nini?" Nikamwambia: ya chini ni odii, ya juu ni siri ya serikali. Akafunga sanduku haraka.

Addis kulikuwa na ukungu. Walisema tusubiri kidogo. Kidogo cha uwanja wa ndege na kidogo cha fundi cherehani ni ndugu. Tukakaa asubuhi yote, tukakaa mchana. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitenge, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na tukaelewana kwa Kiswahili, yeye chake cha Kongo, mimi changu cha polisi. Hajati angezimia.

Walituletea chakula: ule mkate wao mpana, laini, wa baridi, umetandikwa kwenye sahani. Nikadhani ni kitambaa cha kufutia mikono. Nikajifuta. Mama wa Bukavu alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha akanionyesha kumega na kuchota mchuzi, na nikaona nilichokuwa nimekidharau. Nikamaliza wangu, nikamsaidia na wake.

"Unaenda kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa mjukuu. Hanijui."

"Unampelekea nini?"

"Lugha yake."

Akasema, "Mimi wajukuu wangu wako Ubelgiji. Nawapelekeaga vitenge. Hawavivai." Akataka nimfundishe neno. Nikamfundisha lile ninalolijua vizuri kuliko yote: *acompáñovos no sentimento*, yaani nawapa pole kwa msiba wenu. Akalisema vizuri kunishinda. Walipotuita kwenye ndege alimwambia hivyo mhudumu mlangoni, kwa heshima zote, na yule akamjibu kwa Kiingereza: karibu sana, mama, kiti chako kiko nyuma.

Madrid na basi la Lugo

Madrid nilifika ndege ya kuendelea ikiwa imeshaondoka. Amito akanieleza kwa simu nipande basi. Pale kituoni nilitaka chai. Nikamwendea msichana wa kaunta nikamsalimu kwa Kigalisia, habari ya mchana, halafu nikakwama, kwa sababu baada ya salamu mimi huwa natangaza aliyekufa. Msichana akashangaa lugha ile. Akaita mwenzake jikoni. Nilidhani wanaita polisi. Kumbe mwenzake ni wa huko huko Galisia, amekuja Madrid kutafuta kazi, na akaja mbio huku anafuta mikono.

"Unatoka wapi, mama?"

"Kampala."

"Nani amekufundisha kuongea kama bibi yangu?"

Sikumwambia ni maiti. Nikasema, redio. Akanipa kahawa na kipande cha mkate wa viazi na mayai, akakataa malipo, na akanisogelea karibu kunisikiliza kama mtu anayeota moto. Wagalisia wametawanyika kama sisi Walango wa Lira. Ukimgusa mmoja kwa lugha yake anayeyuka.

Kwenye basi nilikaa na mzee mmoja mwenye kofia. Saa nyingi, milima, mahandaki. Nikasema sasa nifanye mazoezi. Nimsalimie, nimuulize jina, nimuulize ukoo. Lakini kwa mpangilio wangu, baada ya jina la mwanaume linafuata jina la mke aliyemtangulia. Basi nikamuuliza kwa adabu: "Na wewe ni mjane wa nani?"

Mzee akageuka polepole upande wa pili wa njia, alikokaa mama mmoja anasuka sweta. Mama yule akanitazama juu ya sindano zake.

"Wangu mimi," akasema. "Lakini mwambie asiwe na haraka, nina afya njema."

Walicheka, na basi lote nyuma yetu likacheka. Tukafungua vyakula. Wao walitoa mkate mweusi na jibini, mimi nikafungua chupa moja ya odii. Mzee akaipaka, akaitazama, akasema inafanana na saruji. Akala mkate mzima. Mpaka tunafika Lugo mama yule alikuwa amenipa maneno ambayo redio haikuwahi kunipa: chumvi, kijiko, njaa, nimeshiba, njoo hapa mpenzi wangu. Hilo la mwisho nililirudia sana. Nilikuwa na mtu wa kumwambia.

Njia ya kwenda kwa Carme

Amito alinipokea na gari. Amenenepa, ana mvi mbili, ni mimi mwenyewe. Tulikumbatiana mvua ikitupiga na hakuna kati yetu aliyeijali. Njiani akanieleza: Bibi Carme amepika tangu jana, mtoto amevaa gauni jipya, ameshika ua la kunipa. "Mama, tafadhali. Taratibu tu. Akikuzoea, tutamwomba Carme habari ya Kampala kidogo kidogo."

"Nimesikia," nikasema. "Simamisha gari hapo kwenye mti."

"Kwa nini? Nyumba ile pale."

"Mtu hashuki na gari mlangoni kwenye msiba."

"Msiba gani, Mama?"

Nikashuka. Nikafunga leso kiunoni, nikaweka mikono kichwani, nikaanza kutembea na kulia kama tunavyolia sisi, kutoka tumboni, mtu asikie kutoka kisima cha pili. "Manuel! Oo, Manuel, mume wa Carme, baba wa Brais, babu wa mtoto wetu, wa nyumba ya Pousada!" Amito alinikimbilia nyuma, viatu vinateleza: "Mama, acha! Watu hawafanyi hivyo huku!" Lakini ukishaanza kumlilia mtu huwezi kumwachia katikati kama nguo za kufua. Nikalia tangazo lote. Na kwa sababu nilikuwa nimelikariri kwa kipande kimoja, nikalia na mwisho wake pia: kwamba mazishi ni leo, saa kumi na moja jioni, kanisa la parokia, na familia inashukuru kwa kuhudhuria.

Carme alikuwa mlangoni, mwembamba, aproni nyeupe. Mkono wake uko mdomoni. Mtoto alikuwa mbele yake na ua. Niliona macho ya Akot kwa mara ya kwanza bila simu katikati, na yalikuwa macho ya mtu aliyeona chui. Akaangusha ua. Akakimbia. Mlango, kama kawaida.

Hilo lingetosha. Lakini kijiji kile kina mabonde, na sauti yangu, Mungu aliitengeneza vizuri. Ilipofika saa kumi na moja, watu wakaanza kuja. Mmoja amevaa koti jeusi, ameshika mwavuli. Wawili wana maua. Mzee mmoja alileta chupa. Wanamuuliza Carme kwa sauti ya chini, nani? Nani amekufa? Na Carme, amesimama kwenye mvua, anawaeleza mmoja mmoja kwamba hakuna aliyekufa. Yaani amekufa, lakini mwaka juzi, na nyote mlikuwepo.

Mimi nilikaa jikoni. Nilifanya lililotakiwa, kwa hiyo sasa niliweza kula. Hakuna aliyenipakulia.

Baadaye Carme akaingia, akavua aproni, akamwambia Amito kwa Kigalisia, haraka, akidhani mimi ni wa kuelewa vifo tu: "Mtoto haendi popote na huyu mwanamke. Mwaka huu haendi, mwaka kesho haendi."

Nilielewa kila neno. Miezi yote ile ya kukaa nje ya duka, na sentensi ya kwanza niliyoielewa yote ndani ya nyumba ile, kutoka mdomo wa mtu aliye hai, ikawa hiyo. Elimu ya bure haina deni. Inachukua chake papo hapo.

Nyumba ya Pousada

Mvua ilinyesha siku zote zilizofuata. Carme hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeaibishwa, na huyo ni mgumu zaidi. Alinihudumia kama mgeni wa serikali. Aliongea nami Kihispania kwa sauti ya juu, kama vile tatizo langu ni masikio. Mimi nikamjibu kwa Kigalisia kila mara: chumvi, kijiko, asante, nimeshiba. Tulipigana hivyo mezani, yeye na lugha yake kubwa, mimi na lugha yake ndogo.

Chakula chao kinaeleweka. Kuna supu ya majani machungu, viazi na mfupa wa nguruwe. Ukifumba macho unaweza kudhani uko kwa shangazi. Siku moja wakaniletea mnyama wa baharini mwenye mikono mingi, amekatwakatwa, na vile vikombe vya ngozi yake bado vinakutazama. Brais akasema ni heshima kubwa. Nikamwambia Amito amwambie mkwe wangu kwamba heshima nimeipokea, na mikono aile yeye. Akot, chini ya meza na mbwa wake, akacheka. Kidogo tu. Nilikisikia kicheko kile kuliko kengele ya kanisa.

Sikumwita. Lile "njoo hapa mpenzi wangu" nililolibeba kutoka kwenye basi lilinikaa mdomoni kama pipi, sikulitema. Niliona nikiita atakimbia tena, na mimi siku za kukimbiwa zilikuwa zinaniishia.

Jumapili, baada ya misa, Carme alichukua ndoo na sifongo akasema anakwenda makaburini. Amito alikuwa kazini. Nikavaa koti, nikamfuata bila kuulizwa. Mtoto akafuata nyuma, mbali, yeye na mbwa.

Watu wao hawalali ardhini. Wanapangwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, kama mikate kwenye tanuri, na kila mmoja ana kifuniko cha jiwe na jina. Manuel alikuwa safu ya pili. Carme akaanza kusugua jiwe lile, anasugua, anasugua, na lilikuwa safi tangu mwanzo. Nikachukua kitambaa nikafuta upande wangu.

Kisha akaongea, na mara hii hakuwa na Kihispania.

"Siku ile sikulia," akasema.

Nikaendelea kufuta.

"Nilikuwa natengeneza kahawa. Watu wengi, lazima wapewe kahawa. Kila mtu ananiambia, Carme, una nguvu. Carme, tazama ulivyo na nguvu. Basi ningeanzaje?" Akakamua sifongo. "Bibi yangu aliyemzaa mama alikuwa anaitwa watu wakifa. Alikuwa analia kwa ajili ya parokia nzima. Analia kama wewe, mikono kichwani. Halafu ikawa ni aibu, ni mambo ya washamba. Wewe ulipokuja barabarani nilidhani ni yeye amefufuka."

"Mimi ni mweusi kidogo," nikamwambia.

Hakutaka kucheka, akacheka. Halafu uso ukamgeuka.

"Lia tena," akasema. "Hapa. Lakini kimya kimya, watu wasisikie."

"Carme, kulia kimya kimya mimi sikufundishwa. Nikilia nalia, nikinyamaza nanyamaza. Chagua."

Akatazama lango la makaburi. Akatazama jina la mume wake. Akasema, "Lia."

Nikaweka ndoo chini nikalia. Safari hii sikulia tangazo. Saa ya mazishi niliiacha kando. Nilimlilia mzee ambaye sikupata kumwona, nikamlilia na wangu aliyelala Lira, kwa sababu ukifungua mlango mmoja wanatoka wote. Na pembeni yangu kukaanza sauti nyingine, kavu, kama geti lililofungwa muda mrefu. Ilikuwa Carme. Sauti ile hakuijua, lakini mwili wake uliijua. Mikono yake ilipanda kichwani yenyewe, sifongo bado iko kwenye mkono mmoja, maji ya sabuni yanamtiririkia shingoni.

Tulipomaliza, Akot alikuwa amesimama kati yetu. Hakuwa amekimbia. Alikuwa anatutazama kama wanavyotazama watoto fundi anapofungua injini.

Akaniuliza mimi. Mimi, si Carme. Kwa Kigalisia chake chepesi, na nikaelewa: "Na wewe ukifa, nani atakulilia?"

"Wewe," nikasema.

Akafikiri. "Mimi sijui kulia hivyo."

"Ndiyo maana. Kwangu kuna wanawake wanaofundisha. Lakini hawafundishi kwa simu. Lazima mtu aje."

Carme alikuwa anajipangusa shingo. Nilimsubiri aseme lile la mwaka kesho haendi. Alichukua ndoo, akatangulia mpaka nyumbani. Alipofika akaweka supu motoni, akanipakulia mimi kwanza, akakaa.

"Mwezi wa saba," akasema, "kwenu kuna mvua?"

"Kuna jua."

"Ataenda na mama yake. Na atavaa kofia. Na shule ikifunguliwa nimwone hapa." Akaninyooshea kijiko. "Na asije akajifunza kulia kila kitu. Watu tu."

Kisugu tena

Kurudi hakuna hadithi. Ndege ziliruka kwa wakati, watu walilala midomo wazi, chakula kilikuwa kuku. Mkosi wote niliumaliza wakati wa kwenda.

Hajati ameniuliza kama sasa najua Kigalisia. Nikamwambia, najua cha kutosha kugombana na kupatana, vingine vya nini? Wengine mnasema mtoto hatakuja, Wazungu wanaahidi tu. Sijui. Mwezi wa saba haujafika, na mimi si mdogo. Kuna asubuhi goti linaamka kabla yangu na kuna asubuhi linakataa kabisa. Ninalojua ni kwamba simu siku hizi sipigi mimi. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, inalia yenyewe. Naiinua, naona uso mzima, macho mawili, na mbwa nyuma. Hasalimii. Ana swali moja, analiuliza kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi:

"Jaja, umeshakufa?"

"Bado, mpenzi wangu."

"*Agarda*," ananiambia. Subiri. "Bado sijaja."

Ndiyo nasubiri.